Urefu wa Uzi

Saa ishirini na sita zilikuwa zimepita tangu Fundi atoweke mlimani, na Inspekta alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia nguo, mikono nyuma, akiitazama kana kwamba ndiyo iliyopotea.

"Afande," alinong'ona Koplo, "wenzetu wako msituni wanamtafuta mtu. Sisi tuko hapa tunatafuta vifungo?"

"Koplo."

"Naam."

"Mtu aliyepotea, ukitaka kumpata, anzia mahali alipokuwa hajapotea."

Kituoni walimwita Inspekta jina la Kinyonga, ingawa si mbele yake. Hakukanyaga tawi kabla ya kulijaribu, na macho yake yalitazama pande mbili kwa wakati mmoja. Alizungumza kwa sauti ndogo hata mtuhumiwa akalazimika kuinama ili amsikie, na mtu akishainama hivyo ni vigumu kudanganya. Koplo, aliyebakiza miezi minane astaafu, alikuwa na tumbo lililokwisha kutangulia kustaafu, na mdomo ambao haukuwa na mpango huo.

Duka lilikuwa na cherehani tatu, pasi ya mvuke, na safu za sare za shule za rangi ya buluu zikining'inia kama wanafunzi waliopangwa mstarini. Binti wa Fundi, ambaye naye alikuwa mshonaji, alisimama mlangoni akikunja na kukunjua kitambaa cha mkononi. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Nieleze tena, dada," alisema Inspekta. "Kama vile sijasikia chochote."

"Jumamosi ijayo wanawake wa hapa dukani walikuwa wapande kutembea kwenye hifadhi. Saba, pamoja na mama. Bila mwongozaji, wenyewe tu na kijitabu chao. Mama ndiye mpangaji. Mwezi mzima, Afande, nyumba yetu ilikuwa mlima. Ukimwambia chakula tayari, anakujibu kuna ndege gani kwenye mwinuko gani."

"Alipanga nini?"

"Kila kitu! Mwenye magoti mabovu atangulie, ili wote waende kwa mwendo wake. Hakuna ruhusa ya kuvaa viatu vipya. Maji chupa mbili kila mtu, na anayesema hana kiu ndiye wa kwanza kunywa. Kila mmoja alipewa kitu chake cha kutafuta njiani: huyu kuvu, huyu kinyonga, huyu nyani..." Alijikuta anatabasamu, akaona aibu, akaacha. "Kisha jana akaamka alfajiri, akasema anakwenda kuijaribu njia peke yake. Hawezi kumvisha mtu nguo ambayo haijajaribiwa."

"Njia ipi? Hifadhi ina tatu."

"Hakusema. Hata wenzake hakuwaambia. 'Mkijua mapema mtaanza kulalamika kabla ya kufunga kamba za viatu.' Ndivyo alivyosema."

Inspekta aliinama. Katikati ya meza, kati ya vumbi la chaki na vipande vya kitambaa, uzi mwekundu ulikuwa umebanwa kwa pini mbili. Ulikuwa mrefu kidogo kuliko mkono. Ncha moja ilikatwa kwa mkasi, nyingine ilifungwa fundo nene, na katikati palikuwa na mafundo madogo matatu yasiyolingana nafasi.

"Huu ni wa kushonea nini?"

"Si wa kushonea. Mama hupima kila kitu kwa uzi, hata viuno vya wateja. Anasema tepu ni ya vitu vilivyonyooka, na yeye bado hajaona mwili ulionyooka."

"Wala njia ya mlimani," alisema Inspekta polepole.

Alichomoa pini. Aliutia uzi kwenye bahasha kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile Koplo alimwona akitembea haraka kwenda kwenye gari.

*

Langoni walipokewa na Mhifadhi Mkuu, mtu mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi na macho ambayo hayakuwa yamelala. Alisalimia na kueleza kwa pumzi moja. Askari wake kumi na wanane walikuwa wameisaka Njia Fupi, inayokwenda kwenye maporomoko ya maji na kurudi, tangu jana jioni. Waliichana kama nywele. Hakuna kitu. Usiku mvua ilinyesha, na kule juu baridi ilishuka hadi maji ya ndoo yakashika utando wa barafu.

"Leo je?" aliuliza Inspekta.

"Saa tisa ukungu unashuka. Ukishashuka, huoni kidole chako. Mtu wa miaka sitini na miwili, usiku wa pili..." Aliitazama saa yake. "Lakini wa kumhoji tumeshampata. Tumemfungia stoo."

Wa kumhoji alikuwa mmoja wa waongozaji wa wageni, mtu mfupi, mnene, mwenye fulana ya michirizi, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kati ya majembe. Askari wawili walikuwa wamemsikia jana asubuhi akigombana na Fundi.

Inspekta alivuta ndoo nyingine akakaa, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Ulimtishia mama wa watu."

"Sikumtishia, Afande! Nilimwambia atanililia huko juu. Hayo ni maneno ya kazi. Nawaambia wote wanaokataa mwongozaji. Wengine wakifika kwenye kona wanarudi kunichukua."

"Yeye alisemaje?"

"Alinicheka. Akasema, 'Mwanangu, njia hii nimeshaipita mara ishirini, mezani kwangu.' Kisha akaanza kunipiga maswali. Kama kuhojiwa, mimi nilihojiwa jana kabla yako."

"Maswali gani?"

"Saa nne jua linapiga upande gani? Kijito cha pili kina maji msimu huu? Nikamwambia akiulize kijitabu chake." Alitazama chini. "Sikupaswa kumjibu hivyo, Afande. Ana umri wa mama yangu."

"Na saa tatu hadi saa tano, ulikuwa wapi? Hakuna aliyekuona."

Mwongozaji alijikuna shingo. "Nilikuwa nyuma ya jiko la askari. Nimelala. Muulize mpishi, ndiye aliyenifukuza na mwiko."

Koplo alitoka, akarudi baada ya dakika tatu akifuta machozi ya kicheko. "Ni kweli. Mwiko wenyewe nimeonyeshwa. Umepasuka."

Inspekta hakucheka. Alikuwa amemgeukia Mhifadhi Mkuu aliyesimama mlangoni.

"Njia Fupi ina vijito vingapi?"

"Kimoja."

"Kwa nini basi mama huyu aliulizia cha pili?"

Mhifadhi Mkuu akasema kwa ukali kidogo, "Lakini daftari linasema Njia Fupi. Ameandikishwa!"

"Tulione hilo daftari."

Lilikuwa kubwa, la jalada gumu, juu ya kaunta ya dirisha la lango. Nyuma yake alikaa karani, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Inspekta alilisoma jinsi alivyosoma kila kitu, kidole kikifuata mstari. Tarehe. Jina. Umri. Saa ya kuingia, saa moja na dakika kumi. Njia: Njia Fupi. Mstari wa chini yake, Njia Fupi. Wa chini yake tena, Njia Fupi. Mwandiko mzuri, umelala upande mmoja kama nyasi za upepo.

Kidole hakikusimama. Kiliendelea kushuka hadi mahali ambapo majina yalikwisha.

"Karani, leo ameingia mgeni?"

"Hapana, Afande. Tumefunga kwa ajili ya utafutaji."

"Hawa kumi na mmoja ni akina nani?"

Wote waliinama. Chini ya jina la mwisho palikuwa na mistari kumi na mmoja mitupu, haina jina, haina umri, haina saa. Ila kwenye safu ya mwisho, kila mstari ulikuwa umeshaandikwa: Njia Fupi, Njia Fupi, Njia Fupi.

Uso wa karani ulibadilika rangi. "Asubuhi kunakuwa na foleni, Afande. Wageni tisa kati ya kumi wanakwenda Njia Fupi. Kwa hiyo naandika kabla, ili foleni isogee. Mtu akisema anakwenda kwingine, nafuta."

"Jana ulimuuliza?"

Karani alizipanga upya kalamu zake mfukoni.

"Nilimwangalia," alisema karani. "Mtu mzima. Ana mfuko wa kitambaa begani. Nikajua tu."

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Koplo. "Wahenga waliiona hifadhi hii."

"Hajadanganya," alisema Inspekta. "Amekisia. Nasi sote tumekisia pamoja naye kwa saa ishirini na saba." Alilifunga daftari. "Mfungulieni yule wa stoo. Nionyesheni ramani."

*

Ramani ilifunika ukuta mzima wa ofisi. Njia tatu zilichorwa kwa rangi: Njia Fupi kwa kijani, Njia ya Ziwa kwa buluu, na Njia ya Ukingo kwa nyekundu, ikizunguka mabega ya mlima na kurudi langoni kama mkufu.

Inspekta alitoa uzi. Aliweka ncha yenye fundo langoni, Koplo akaishika kwa kidole gumba, naye akaanza kuulaza uzi juu ya Njia Fupi. Njia iliisha, uzi ukabaki. Alirudi langoni, akaulaza juu ya Njia ya Ziwa, kona kwa kona, akibana kwa pini. Ncha iliyokatwa iliangukia ukingoni mwa ziwa. Pale pale, kwenye maji.

"Ziwa!" Mhifadhi Mkuu alipiga meza kwa kiganja. "Amekwenda ziwani!"

Askari walipiga kelele. Redio ilinyakuliwa. Kikosi kilichokuwa karibu na njia panda kiliamriwa kukimbia, na sauti ikajibu ikihema kwamba wanakwenda. Hata Inspekta alihisi damu ikimpanda masikioni. Uzi wa duka la nguo ulikuwa umeutafuta mlima ukaupata!

Saa sita redio ilikoroma.

"Tuko ziwani. Tope lote la kingo ni laini kama uji uliopoa. Kuna nyayo za nyati na za ndege. Hakuna kiatu. Narudia, hakuna kiatu."

Mhifadhi Mkuu alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza.

"Kosa hilo ni langu," alisema Inspekta. "Nimefurahi kabla ya kutazama." Alisogea ukutani tena. "Tazameni mafundo. La kwanza liko kichakani. La pili liko kwenye mteremko mtupu. La tatu haliko popote. Fundi hafungi fundo bure. Halafu, nani kati yenu anaweza kunijibu hili: mtu aliyepanga mpaka nani anywe maji wa kwanza, alipanga kwenda ziwani akasahau kupanga kurudi?"

Koplo alikuna kidevu. "Labda uzi ulimwishia."

"Dukani kwake?"

"Basi sijui."

Inspekta alirudi nyuma hatua mbili, hadi mgongo ukagusa kabati. Aliitazama ramani yote, kutoka dari hadi sakafu. Kisha alitazama mikono yake, akaipima nafasi iliyo kati yake, upana wa meza ya kukatia nguo.

"Ramani hii," alisema kwa sauti ndogo zaidi kuliko kawaida, "ingeingiaje kwenye meza ya Fundi?"

Mhifadhi Mkuu aliinuka.

"Yeye hakuwa na ukuta. Alikuwa na kijitabu. Mnauza vya aina ngapi?"

"Kimoja tu. Karani! Lete kijitabu! Kimbia!"

Kijitabu kilikuja. Katikati yake palikuwa na ramani iliyokunjwa mara nne, ambayo ikikunjuliwa ililingana na trei ya chai. Waliitandaza mezani. Koplo alibana, Inspekta alilaza. Njia Fupi, uzi ukabaki nusu na zaidi. Ziwa kwenda na kurudi, bado ukabaki. Kisha akaanza kuzungusha kwenye Njia ya Ukingo, pini baada ya pini, juu ya bega la mlima, kwenye mgongo wake mrefu, chini upande wa pili. Watu sita walikuwa wameinama juu ya meza moja.

Ncha mbili zikakutana langoni. Hapakubaki hata upana wa ukucha.

"Amewapangia wanawake saba ukingo!" alisema mmoja wa askari kwa heshima. "Hata mimi nalalamika nikipangiwa ukingo."

"Mafundo," alisema Inspekta. "Yako wapi?"

Waliyatazama. Moja lilikuwa kwenye majani matupu, la pili kwenye jabali, la tatu kwenye shimo la bonde. Matumaini yalianza kuwatoka tena. Koplo ndiye aliyesogeza uso wake karibu na meza hadi pua ikakaribia kuchomwa pini.

"Afande, umeulaza kinyume."

"Kwa vipi?"

"Fundo nene ndilo mwanzo. Mimi hushona vifungo vyangu mwenyewe tangu mke wangu agome." Aligusa tumbo. "Unapotaka kushona, unafunga ncha ili uzi usichomoke. Pale ndipo sindano inapoanzia. Wewe umeanza na fundo, sawa, ila umeupeleka uzi kulia. Njia hii ina mikono miwili ya kutokea langoni. Jaribu kushoto."

Inspekta alimgeukia. "Miezi minane," alisema, "ni michache mno, Koplo."

Aliung'oa uzi, akaulaza upya, kushoto. Fundo la kwanza likakaa juu ya alama ya benchi. La pili juu ya alama ya mahali pa kutazamia bonde, mara tu baada ya kijito cha pili. La tatu likatua, kama ndege anayejua kiota chake, juu ya kinyumba kidogo kilichochorwa kwa wino mweusi.

Hapo shangwe ilikuwa ya kweli. Yule mwongozaji wa ndoo, aliyekuwa akichungulia dirishani, aliruka.

"Hiki kinyumba ni nini?" aliuliza Inspekta.

"Kipi?" Mhifadhi Mkuu aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kibanda cha kupumzikia."

"Kiko wazi?"

"Hakipo. Mvua za mwaka juzi ardhi iliteremka, ikaondoka nacho. Tuliihamishia njia juu zaidi."

"Na kijitabu?"

"Tulisema tutachapisha kipya..." Aliugusa ukingo wa karatasi. "...hivi vikiisha."

"Vimebaki vingapi?"

"Katoni nne," alisema karani kutoka nyuma.

Inspekta alikuwa ameshachukua koti lake. Alizungumza huku akitembea, nao wakamfuata ili wasikie. "Fundi hakwenda kutembea jana. Alikwenda kukagua. Fundo la tatu ni mahali pa kumpumzisha mwenye magoti mabovu. Amefika juu, amefungua ramani, kibanda hakionekani. Wewe ungepita. Mimi ningepita. Yeye hawezi kupita. Atakitafuta hadi akione. Njia ya zamani bado inaonekana?"

"Kwa mtu anayetazama vizuri," alisema Mhifadhi Mkuu, "inaonekana sana."

Ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

*

Gari la askari lilipanda barabara ya doria hadi ilipokwisha, likiruka kama punda aliyechokozwa. Kutoka hapo ilikuwa miguu. Koplo alibaki garini na redio. "Nitalilinda," alisema, "lisije likapotea nalo." Inspekta alipanda na Mhifadhi Mkuu na askari wanne wenye machela na kamba. Hakuwa mtu wa milima. Alipanda kama alivyofanya kazi, bila kusimama.

Saa nane na robo walifika kwenye njia panda. Njia mpya ilikwenda juu kulia, ina bango. Njia ya zamani ilikwenda kushoto, na matawi mawili yaliyowekwa kuizuia yalikuwa yamekauka, yamelala pembeni, ungesema ni kuni za mtu.

"Mama!" aliita askari mmoja. "Fundi!"

Mlima haukujibu. Kutoka kwenye kilele cha mbali, kitu cheupe kilikuwa kimeanza kushuka taratibu.

"Mvua imefuta nyayo," alisema Mhifadhi Mkuu. "Tukikosea hapa, muda hautoshi kurudi kujaribu ile nyingine."

Inspekta alitembea hatua kumi ndani ya njia ya zamani. Kulikuwa na mwamba ulioinamia njia kama paji la uso. Upande wa mvua ulikuwa umeoshwa safi. Alizunguka, akapiga magoti, akatazama chini ya paji lile, mahali pakavu.

Palikuwa na mstari wa buluu. Mfupi, umenyooka, na kichwa cha mshale.

Aliugusa, akanusa kidole.

"Chaki," alisema. "Chaki ya fundi. Alikuwa anaweka alama za kurudia. Twendeni. Twendeni!"

Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Askari walimpita wakikimbia.

Mshale wa pili ulikuwa chini ya gogo. Wa tatu ulikuwa kwenye mzizi. Baada ya wa tatu njia ilikatika ghafla, ardhi imemegeka kama mkate, na chini yake mteremko wa udongo mwekundu ulishuka hadi kwenye vichaka. Walilala kifudifudi ukingoni wakachungulia. Kiasi cha mita nane chini, mizizi ya mti mmoja mkubwa ilikuwa imezuia kijukwaa cha udongo, na juu ya kijukwaa palikuwa na lundo la rangi: njano, zambarau, kijani, nyekundu, rangi ya chungwa. Lilionekana kama taka zilizotupwa na wapita njia.

"Mama!" aliita Inspekta.

Lundo lilitikisika. Kutoka katikati yake kikatoka kichwa chenye mvi na miwani iliyopasuka kioo kimoja.

"Msisimame hapo!" lundo lilifoka kwa sauti iliyokwaruzika. "Hapo ndipo palipomeguka! Rudini nyuma hatua tatu! Hamna macho?"

Askari mmoja alianza kucheka na kulia pamoja. Mhifadhi Mkuu mwenyewe alijifunga kamba, akateremka wa kwanza, Inspekta akafuata. Mguu wa Fundi ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Alikuwa ameshaufunga mwenyewe, kwa kijiti na utepe, kwa mafundo ambayo daktari asingeyafungua upesi. Midomo ilikuwa ya buluu, vidole baridi kama samaki, lakini macho yalikuwa macho.

"Hizi ni nini, mama?" aliuliza Inspekta akigusa lundo la rangi.

"Makoti ya mvua. Nimewashonea wale wanawake. Nikayabeba yote saba nione uzito, na nione kama yanapitisha maji." Alivuta pumzi. "La njano linapitisha. Mshono wa bega. Mengine hayapitishi, nimeyavaa usiku kucha."

"Langoni hawakukuonya kwamba kibanda hakipo?"

"Mwanangu, langoni hawakuniuliza ninakwenda wapi. Ningeulizwa ningesema. Mimi sina siri na mtu mwenye daftari."

Mikono ya Mhifadhi Mkuu, iliyokuwa ikimfunika blanketi, ilisimama. Alimtazama Inspekta, akasubiri aseme kitu. Inspekta alikuwa akiandika maneno yale kwenye kitabu chake kidogo, neno kwa neno, na tarehe, na saa.

"Machela haitapita hapa," alisema Mhifadhi Mkuu. Aligeuka, akapiga magoti, akampa Fundi mgongo. "Nishike shingoni, mama."

Walimvuta kwa kamba, yeye na mzigo wake wa rangi, na hatua ya mwisho ilipopatikana ukungu ulikuwa umekwisha kukimeza kile kilele. Walishuka mbele yake kwa haraka, ukiwafuata kama ng'ombe anayerudishwa zizini. Fundi hakukubali kuhamishiwa kwenye machela. Alisema mgongo una joto.

Redio ilikoroma kiunoni mwa askari. Ilikuwa sauti ya Koplo kutoka garini, ikiuliza, na nyuma yake, kwa mbali, sauti ya binti yake aliyekuwa amefika langoni, ikilia na kuita. Inspekta aliichukua redio, akaisogeza kwenye mdomo wa Fundi, akabonyeza kitufe.

"Mama?" ilisema redio. "Mama! Uko wapi?"

"Niko mgongoni kwa mkubwa mmoja wa hifadhi," alisema Fundi. "Anatoka jasho, lakini ana adabu. Wewe acha kulia, teleka maji ya kuoga. Nakuja."